Kitanda cha Upepo

Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini. Utasukuma kidogo, halafu upepo ulionaswa ndani utakugomea na kukurudisha. Achia, sukuma tena, utarudishwa tena. Hiyo ndiyo springi ya upepo, na asikudanganye mtu kwamba kuna siri nyingine. Mzee Lutengano alinieleza hivyo siku ya kwanza tulipokutana gereji kule Mlandege, Iringa, nami nikacheka, maana nilikuwa kijana wa Kihehe niliyejua kulehemu na kudhani kwamba kitu cha maana lazima kiwe kizito.

Sicheki tena. Nimezeeka, na habari hii naisimulia kwa hasira, na mwenye kukasirikiwa ni mimi mwenyewe. Anayetaka habari ya kufurahisha akaitafute kwa mwingine.

Lutengano alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu. Alitumikia mgodi wa dhahabu Makongolosi miaka kumi na minne, kazi yake kompresa, ile mashine inayoshindilia upepo ili uende kuendesha matindo ya kutobolea miamba. Mgodi ulipoanza kupunguza watu alikuja Iringa na sanduku la spana na masikio nusu. Masikio mengine aliyaacha kwenye kompresa. Ukitaka akusikie ilibidi umguse bega, na barabarani, injini ikinguruma, ilibidi umpigie kelele. Mkewe alikwisha kufariki. Alikuwa na wana wawili: Asukile, aliyefanya kazi katika shamba la chai huko Igowole, na Isakwisa, aliyekwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka na kumwachia kaka yake mke wake, Ikupa, amtunze.

Mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa tisa, ilikuja barua ya Asukile. Mke wake Tupokigwe alikuwa amelala chali mwezi wa pili sasa. Daktari aliyepita Igowole alimgusa mgongo na kusema ni kifua kikuu, ila hiki hakikukaa kifuani, kimeingia mfupani. Mfupa wa mgongo ulikuwa umelika kama muhogo uliooza katikati. Dawa ipo, daktari alisema, Iringa. Atalazwa ndani ya plasta miezi minane, apigwe sindano, na atatembea. Lakini afike bila kutikiswa. Mfupa ule ukishindwa njiani, miguu imekwisha, na hakuna sindano ya kuirudisha. Tena afikishwe kabla mvua hazijaifunga barabara ya Mufindi.

Kutoka Igowole mpaka Iringa ni maili sabini na zaidi. Wakati ule barabara kuu yote ilikuwa matuta madogo madogo, yamejipanga kama mgongo wa mamba, na lori likipita juu yake hata meno yako yanagongana. Ukienda polepole unalihesabu kila tuta. Ukienda kasi unaruka mengine na kutua kwenye lile baya zaidi. Walifikiria machela ya mabegani. Siku nne za kutembea, na mbebaji mmoja akiteleza mara moja tu, basi.

Lutengano alisoma barua ile amesimama. Alipomaliza aliikunja, akaiweka mfukoni, akachukua pampu ya baiskeli iliyotundikwa ukutani na kuanza kuisukuma amezibia tundu kwa kidole. Alisukuma hivyo mpaka jua likashuka.

Hapa lazima niseme jambo moja, la sivyo hutaelewa chochote. Kwao Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni, hasemi naye, hataji jina lake. Akimwona njiani anaacha njia na kukimbilia migombani. Na baba mkwe mwenye adabu anakohoa kutoka mbali, ili mwanamke apate nafasi ya kupisha. Zamani, Lutengano aliniambia, vijana walijenga kijiji chao wenyewe mbali na baba zao kwa sababu hiyo hiyo, lakini ardhi imekwisha na sasa watu wanajenga uani kwa baba. Mchungaji wao alihubiri kwamba ndani ya Kristo hakuna mambo ya kukimbiana. Watu waliitika amina, wakaenda nyumbani kukimbiana. Tupokigwe alikuwa ameolewa miaka sita. Lutengano alikuwa amemwona mara mbili, zote kwa kisogo, kitambaa cha njano kikitokomea kwenye migomba. Nilimuuliza kwa utani kama hata sura yake haijui. Alijibu bila utani kwamba anajua ni mke mwema, kwa sababu hata siku moja yeye, baba mkwe, hajalazimika kukohoa mara mbili ndipo apishwe.

Kazi ilikuwa kutengeneza kitanda cha kufungwa ndani ya lori, kinachokaa juu ya springi nne za upepo, moja kila pembe, ili lori litikisike peke yake na mgonjwa alale.

Cha kwanza tulitumia mpira wa ndani wa gurudumu, tukaujaza na kuulaza chini ya ubao. Tuliweka gunia la mahindi juu yake, tukapita nalo barabara ya Kihesa, na gunia likarushwa nje ya lori. Cha pili nilikibuni mimi. Najisifu, kilikuwa kizuri. Kila silinda ilikuwa na vali mbili, kispringi cha chuma ndani, tangi dogo la mafuta na skrubu kumi na moja. Tuliweka bakuli la maji juu ya gunia na hakuna tone lililomwagika. Nilicheza pale gereji kama bwana harusi.

Lutengano alikizunguka mara mbili. Akaniuliza kikiharibika njiani nani atakifungua. Nikasema mimi, au yeye.

"Wewe utakuwa umeshika usukani," alisema. "Mimi sitakuwepo. Mimi siwezi kukaribia kitanda ile. Hii springi inanitaka mimi, Silvester. Kitu inayomtaka fundi wake kila saa, hiyo bado haijatengenezwa."

Akakisukumia chini ya benchi. Siku tatu sikusema naye.

Alipanda basi kwenda Mbeya, akafika Makongolosi, akarudi na mabomba manne ya shaba yaliyokatwa kwenye pampu za zamani za mgodi, kila moja refu kama mkono kutoka kiganja hadi kiwiko. Akatupa kila kilichoweza kutupwa. Springi yake ya mwisho ilikuwa bomba, kipande cha mninga kilichochongwa kiingie ndani yake, na juu ya mninga kikombe cha ngozi ya ng'ombe, kama ile ya pampu ya baiskeli ila kubwa. Ngozi ililowekwa siku tatu katika mafuta ya mbarika na kukandamizwa kwenye kalibu mpaka ikashika umbo. Chini vali ya baiskeli. Juu kifuniko, na nati nne za masikio, zile unazozifungua kwa vidole bila spana. Basi. Pampu ya baiskeli iliinua kitanda, kijiko cha mafuta kiliziba pale upepo ulipotaka kupenya. Ngozi ikichanika, unafungua nati nne, unatoa kuukuu, unaweka mpya, unapiga pampu. Ngozi aliiweka ichanike, alisema, kwa sababu ni rahisi kuliko vyote na kila nyumba ina kiatu kikuukuu. Neno moja tu: ukitaka kuibadilisha, lori lisimame.

Kisha alimwita Juliana, mama aliyeuza maandazi mbele ya gereji yetu. Hakumweleza kitu. Alifungua springi mbele yake mara moja na kuifunga, akampa ngozi mpya, akasema sasa wewe. Juliana alikuwa na unga hadi viwikoni. Alinung'unika kwamba maandazi yataungua, akafungua, akatoa, akaweka, akafunga, akapiga pampu, na kitanda kikapanda. Maandazi hayakuungua. Ile ndiyo siku pekee niliyomwona Lutengano akicheka kwa sauti.

Asukile alituma ratili za mke wake, alizozipima kwenye mizani ya majani ya chai, yeye na shuka lake: ratili tisini na mbili. Mtu mzima. Tulipima mahindi ya ratili hizo, tukapunguza upepo kidogo, kisha nikalala mimi juu ya kitanda na Lutengano akanipeleka hadi Ipogolo na kunirudisha. Nililala usingizi kweli. Laiti usingizi wangu wote ungeishia pale.

Mpango ulikuwa hivi. Mimi ndiye dereva, kwa sababu mimi si mtu wao na mkamwana wa Lutengano anaweza kunitazama na kuniita. Asukile hakuweza kuja. Msimamizi wa shamba alimwambia kwamba akitoka kabla ya kumaliza kipande chake cha kazi asirudi. Nyuma atakaa Ikupa, mke wa Isakwisa, aliyemuuguza Tupokigwe muda wote huo. Tungemfundisha springi. Akitaka nisimame, agonge bati nyuma ya kichwa changu kwa kijiko. Lutengano angekuja nami hadi Igowole kufunga kitanda kabla mgonjwa hajatolewa nje, kisha arudi Iringa kwa basi. Lori tuliliazima kwa mfanyabiashara mmoja kwa siku mbili, siku ya tatu lirudi na lisipungue msumari.

Tulifika Igowole wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Mvua mbili tatu zilikwisha kunyesha, za kuonja tu. Lutengano alifunga kitanda uani, akaondoka kwenda kulala kwa mzee mmoja wa kanisa. Mimi nilimfundisha Ikupa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya mchuma chai, na aliishika kazi haraka kuliko nilivyoishika mimi. Tupokigwe alitutazama kupitia mlangoni akiwa amelala. Alikuwa na macho makubwa ya mtu aliyekonda. Aliniuliza kama ni kweli baba ndiye aliyetengeneza kitanda kile chote. Nikasema ni yeye. Akasema, "Ndaga," yaani asante, na kuniomba nimfikishie.

Halafu nikaenda kunywa. Mvua za kwanza zikigusa Mufindi, mianzi hukatwa ncha na ulanzi wa msimu huanza kutona. Mtamu, mwepesi, unakunywa kama maji na kujiona una akili. Vijana wa shamba walinikaribisha jioni ile. Nilikuwa fundi mgeni mwenye lori na kitanda cha ajabu, kila mtu alitaka nieleze, na kila maelezo yalikuja na kibuyu chake.

Asubuhi dunia ilikuwa inazunguka. Lutengano alikuja kutuaga, akanikuta nimeegemea gurudumu, akaninusa kama anayenusa betri iliyovuja. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Wingu lilikuwa limekaa juu ya milima upande wa Mufindi, lori lilidaiwa kesho yake, na dereva mwingine hakuwepo. Alisimama muda mrefu akilitazama wingu lile. Kisha akachukua gunia, akaligongelea misumari juu ya kidirisha kati ya kebini na nyuma, asije akaona wala kuonwa, akapanda upande wa usukani.

"Waambie wagonge upande wako," alisema. "Wewe usikilize. Ukisikia, uniguse bega. Kazi yako ni kusikiliza tu."

Mimi mwenyewe ndiye niliyezunguka nyuma kuwapelekea wanawake maagizo yale. Baba ndiye anayeendesha, niliwaambia, kwa hiyo gongeni kushoto, kwangu. Ikupa aliinamisha kichwa mara moja aliposikia baba yumo ndani ya lori, akajifunika kanga usoni ingawa palikuwa na bati na gunia kati yao. Tupokigwe alikuwa amekwisha kulazwa. Asukile aliweka mkono wake juu ya nyayo za mkewe, na Tupokigwe akachezesha vidole, akacheka kidogo kwa sababu ya kutekenywa. Vidole vyote kumi. Niliviona.

Mpaka Sao Hill mambo yalikwenda kama ndoto. Lutengano aliendesha kama aliyebeba mayai. Pale tulisimama, nikaenda nyuma, Ikupa akapiga pampu mara ishirini kila pembe na kumwaga kijiko cha mafuta. Tupokigwe alisema anasikia lori linalia lakini yeye hatikisiki, ni kama analala juu ya maji. Nilimpelekea Lutengano maneno hayo. Alikaza macho barabarani. Tulikubaliana tutasimama tena Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, kupoza injini.

Mimi nilipokwisha kuona kila kitu salama, nililala.

Siwezi kulipamba. Kulikuwa na jua, kulikuwa na joto la injini, ulanzi ulikuwa bado kichwani, nami nikaegemeza shavu kwenye bati lile lile na kulala. Naikumbuka hata ndoto. Niliota Juliana anagonga sufuria kwa kijiko, tiki tiki tiki, ananiita nije kula, nami namjibu nakuja, nakuja. Alinigongea muda mrefu sana. Mwishowe akaacha.

Niliamshwa na kimya. Lori lilikuwa limesimama Ipogolo karibu na daraja, na Lutengano alikuwa ameshuka na kwenda kusimama mbele, mgongo wake kwetu, anatazama mto. Nilizunguka nyuma huku nikipiga miayo, nikafunua turubai.

Pembe ya kichwani, upande wa kushoto, springi ilikuwa imelala chini kabisa. Ikupa alikuwa amepiga magoti na viganja chini yake, kama mtoto anayecheza farasi, na fremu ya kitanda ilikuwa imekaa juu ya mgongo wake. Kanga ilikuwa imechanika pale chuma kilipokuwa kinasugua, na damu ilikuwa imekauka na kulowa tena. Pampu na kopo la ngozi za akiba vilikuwa mbele ya macho yake.

"Tangu wapi?" nilimuuliza.

"Ifunda," alisema.

Ifunda ni maili karibu thelathini kutoka pale.

"Kwa nini hamkugonga?"

"Tuligonga, fundi. Tatu, tatu, tatu. Kwako. Hukuamka." Alisema taratibu, kama anayeomba radhi. "Nikasema nipige kelele, nimwite baba. Dada alinikataza."

Tupokigwe alikuwa anatazama turubai juu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kuumwa.

"Baba alijinyima kutuona, alitengeneza kitanda chote ili tusivunjiane heshima," alisema. "Nimwite kwa kelele barabarani, mbele za watu? Nilisema tutavumilia, Iringa si mbali." Kisha akanitazama. "Ila miguu yangu sijui iko wapi, fundi. Tangu Tanangozi siisikii."

Niliiinua pembe ile kwa mikono yangu. Ikupa alitoka chini, hakuweza kunyooka, na hivyo hivyo amepinda akafungua nati nne kwa vidole, akatoa ngozi iliyochanika, akaipaka mafuta ile mpya, akaiweka, akafunga, akapiga pampu. Sikumsaidia hata kidogo, wala hakuhitaji. Chungu cha maji kisingechemka kwa muda ule. Pembe ikapanda, kitanda kikakaa sawa, kizuri, na zilikuwa zimebaki maili tatu.

Nilikwenda mbele. Lutengano aliniuliza bila kugeuka kwamba kuna nini huko, mbona nimekawia. Nikamwambia sikioni kwamba ngozi moja imechanika.

"Nani amebadilisha? Wewe?"

"Ikupa."

"Peke yake?"

"Peke yake, mzee."

Alitabasamu. Mungu anisamehe, alitabasamu hadi macho yakafumba, akanipiga begani. "Unaona?" alisema. "Si nilikuambia? Haitutaki sisi." Akapanda kwenye usukani, akatupandisha mlima ule taratibu mno, na mimi nilikaa kando yake nikiwa macho kabisa, nikisikiliza.

Hospitali walifanya yote yanayoweza kufanywa. Plasta, sindano, miezi minane. Ugonjwa ulipona. Daktari alitueleza, mimi na Asukile, kwamba mfupa umeunga vizuri, lakini ile kamba inayopita ndani ya uti wa mgongo ilikwisha kubanwa kabla hajafika, nayo haiungi. Asukile aliuliza mara tatu kwa maneno tofauti, akidhani labda ameuliza vibaya. Jibu lilikuwa lile lile.

Lutengano nilimwambia mimi. Nilikawia wiki nzima, kisha nikamshika bega gereji, nikamweleza yote sikioni, ulanzi, ndoto ya Juliana, kijiko, mgongo wa Ikupa, na maneno ya Tupokigwe. Alisikiliza huku ameshika kitambaa cha grisi. Nilingoja anipige.

"Wangeniita," alisema. "Ningesimama. Ningeshuka mwenyewe, ningeshika kitanda kwa mikono yangu hii, ningemtazama hata usoni. Heshima gani?" Akakikunja kile kitambaa. "Hakuna aliyemwambia hivyo. Mimi sikumwambia. Ningemwambiaje?"

Alirudi kwenye kazi yake. Tangu siku hiyo hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonifanya nizeeke mapema.

Asukile aliacha chai, akamchukua mkewe na Ikupa, wakarudi Tukuyu, nyumbani kwa Lutengano, nyumba ya matofali aliyoijenga kwa miaka yote ile ya Makongolosi ili aje kuzeekea humo. Krismasi iliyofuata Lutengano aliniomba nimsindikize. Alinunua sukari na blanketi. Tulilala Mbeya, asubuhi tukapanda basi la Tukuyu, tukashuka na kutembea kati ya migomba, ukungu umekaa chini na udongo mwekundu unanasa viatu.

Kabla ya kona ya mwisho alisimama. Aliweka mzigo chini, akakohoa mara moja, kama kawaida yake. Kisha akanigusa mkono.

"Sikiliza," aliniambia. "Masikio yangu unayajua. Wamekwisha kupisha?"

Nilisogea mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Barazani, kwenye jua kidogo lililokuwepo, Tupokigwe alikuwa amelala juu ya mkeka. Niliona jinsi alivyoshtuka, jinsi alivyolitupa shuka usoni na kushika ardhi kwa viwiko akijivuta, na chini ya kiuno hakuna kilichomfuata. Nilisikia miguu ya Ikupa ikikimbilia nyuma ya nyumba, ikasita, ikarudi. Nilisikia mkeka ukiburutwa, ukikwama kwenye kizingiti, ukiburutwa tena, na sauti ya mwanamke anayejizuia asilie.

"Bado, mzee," nilisema sikioni mwake.

Alingoja. Kwa mara ya kwanza tangu mwanamke yule aolewe, alikohoa mara ya pili.

"Sasa?"

Nilisikiliza kwa makini yangu yote.

"Bado."

Alivua kofia, akaifuta umande, akaivaa tena. Akaniambia niwapelekee sukari na blanketi, niseme aliyekohoa ni mimi, vitu vimetoka kwake Iringa kwa basi, na yeye amezidiwa na kazi. Nilipotoka kule nilimkuta mbali kwenye njia tuliyojia, anatembea bila kugeuka. Aliishi miaka tisa zaidi katika chumba cha nyuma ya gereji, Mlandege, na nyumbani kwake hakurudi tena.